Matairi ya Gari la Kikundi

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya madereva na wanakamati wa vikundi vyenye magari. Waliohudhuria waliomba wapate maandishi, ndipo tukayachapisha.)



Nimeombwa nizungumze juu ya matairi. Najua wengine wameshangaa. Walitazamia maneno ya mikopo au ya mbegu, na huyu anakuja na maneno ya mpira. Lakini hebu tuangalie. Gari la kikundi linabeba maziwa asubuhi, linabeba mbolea mchana, na usiku mama akishikwa na uchungu wa kuzaa ni hilo hilo linaloamshwa. Uzito huo wote pamoja na watu waliomo unashikana na barabara mahali pane tu, na kila mahali hapazidi sana kiganja cha mtu mzima. Injini ikiharibika, gari litasimama. Tairi likipasuka mbioni gari halisimami, linakwenda linakotaka lenyewe.

Nitasema mengi, lakini kubwa ni moja. Adui wa kwanza wa tairi si msumari wala si jiwe. Adui wa kwanza ni upepo uliopungua huku mzigo uko juu. Misumari inasingiziwa mara nyingi.

Mwaka 1888 huko Belfast kulikuwa na daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, aliyetengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Naam, daktari wa ng'ombe, kwa hivyo wafugaji mna haki ya kujisifu kidogo. Tangu wakati huo mpaka leo jambo ni lile lile: anayebeba mzigo ni upepo. Mpira na nyuzi zilizo ndani yake ni mfuko wa kuufungia. Ukiwa na mfuko mzuri na upepo haumo, hauna kitu.

Sasa chukua kipande cha waya. Kikunje huku, kikunje kule, mara nyingi na haraka. Kwanza kitapata moto, halafu kitakatika. Kila mmoja wetu amekata waya namna hiyo wakati spana ya kukatia haiko. Tairi nalo linakunjika kila linapozunguka, pale linapokanyaga chini. Tairi la pikapu la inchi 14 linazunguka karibu mara 480 kwa kila kilomita. Ukienda kilomita 80 kwa saa, hiyo ni zaidi ya mara 38,000 kwa saa moja, mara 10 kila sekunde. Likiwa na upepo wa kutosha linakunjika kidogo tu na joto linatoka. Upepo ukipungua, ubavu unakunjika sana, joto linajaa ndani kuliko linavyotoka, mpira unaanza kuachana na nyuzi. Hakuna mtu anayeona, maana yote hayo yanatendeka ndani. Halafu siku moja, mchana wa jua kali, gari limejaa, linateremka kuelekea Emali au Voi, tunasikia mlio. Watu wanatafuta msumari. Msumari haupo.

Msifikiri ni mambo ya kwetu peke yake. Mwaka 2000 huko Marekani kampuni ya Firestone iliyaita yarudishwe matairi milioni 6.5, mengi yao yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Sehemu ya juu ya tairi ilikuwa ikibanduka gari likiwa mbioni, na gari linapinduka. Serikali yao ilihesabu vifo 271. Ajali nyingi zilitokea katika majimbo ya joto kama Texas, Florida na Arizona. Palikuwa na mabishano makali juu ya nani mwenye kosa, mwenye tairi au mwenye gari, lakini katika mabishano hayo yote mambo matatu yalirudi kila mara: joto, mzigo, na upepo mdogo. Hao walikuwa na barabara za lami safi. Sisi je?

Basi tupime namna gani? Wengi wetu hupima kwa mguu. Dereva anazunguka gari, anapiga teke kila tairi, anapanda. Ndugu zangu, teke halijui kusoma. Matairi ya siku hizi ambayo nyuzi zake ni za chuma hujitokeza kidogo pembeni hata yakiwa sawa, kwa hivyo hata jicho linadanganywa. Tairi linaweza kupoteza robo ya upepo wake na bado ukaliona zima. Inatakiwa geji. Geji ndogo ya mkononi inaingia kwenye mfuko wa shati, na ni afadhali kikundi kiwe na mbili, kwa sababu moja itapotea.

Pima asubuhi kabla gari halijatoka. Tairi likishakwenda linapata joto na upepo unapanda, pauni 4 hata 6. Hapo ndipo wengine hukosea: wanafika petroli stesheni tairi likiwa moto, wanaona namba imepanda, wanapunguza. Likipoa linabaki na upepo mdogo, nao wameliumiza wakidhani wanalisaidia. Usipunguze upepo wa tairi lililo moto.

Namba sahihi iko wapi? Haiko kichwani mwa kijana wa pampu. Iko kwenye kibandiko, mara nyingi ndani ya mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari. Mara nyingi utaona namba mbili, moja ya gari tupu na moja ya gari lenye mzigo, na ya nyuma ni kubwa kuliko ya mbele. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa uwezo wa tairi, siyo amri ya kulijaza hapo kila siku. Kibandiko kikiwa kimebanduka, na magari yetu mengi yametoka nje yamekwisha tumika, tafuteni namba hiyo kwa muuzaji au kwa fundi mwenye kitabu, kisha muiandike kwa rangi ndani ya mlango. Isiwe siri ya dereva mmoja.

Jambo dogo kwa wanaoteremka pwani. Geji inapima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Hapa juu hewa ni nyepesi. Ukijaza Nairobi kisha ukalala Mombasa, asubuhi geji inaweza kukuonyesha pauni mbili hivi pungufu, na tairi halijatoboka. Joto la pwani litarudisha kidogo. Pima tena huko, ongeza, ndipo upakie mzigo wa kurudi. Na mkiulizwa kama mnataka naitrojeni, hewa hii tunayopumua ni naitrojeni asilimia 78 tayari. Haina ubaya, lakini pesa hiyo mngenunulia geji.

Sasa mzigo. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kamati na dereva hugombana.

Kila tairi lina namba ya mzigo ubavuni. Chukua tairi la 195R14C, linalofungwa kwenye pikapu nyingi. Utaona 106/104. 106 maana yake tairi moja linabeba kilo 950. 104 ni kilo 900, pale matairi yanapofungwa mawili mawili. Lakini kilo hizo ni kwa upepo wake kamili, kama pauni 65. Upepo ukiwa kama nusu ya hapo, uwezo unashuka mpaka karibu theluthi mbili.

Tufanye hesabu ya maziwa. Mkebe wa lita 50 ukijaa, pamoja na mkebe wenyewe, ni kama kilo 60. Mikebe 16 ni karibu tani moja. Wenye mahindi, magunia 11 ya kilo 90 ni tani hiyo hiyo. Tuseme pikapu ikiwa tupu ekseli ya nyuma inabeba kilo 600. Pakia maziwa, nyuma panafika kama kilo 1,500. Matairi mawili yenye upepo kamili yanaweza kilo 1,900, hakuna shida. Matairi hayo hayo upepo ukiwa pauni 36 yanaweza kama kilo 1,200. Umezidisha kilo 300 na hujaona kitu, gari linakwenda vizuri, watu wanaimba. Halafu kule njiani wanapanda watu sita juu ya mikebe kwa sababu ni jirani zetu na hatuwezi kuwaacha. Mnaelewa sasa kwa nini tairi la nyuma upande wa kushoto linapasuka kila baada ya miezi mitatu, na ati ni tairi mbaya la dukani.

Wenye malori ya matairi pacha, angalieni katikati ya pacha. Jiwe likikwama pale linakula mbavu zote mbili. Na moja likipungua upepo, mwenzake anabeba peke yake mzigo wa wawili, bila kusema. Ukilipiga nyundo utasikia tofauti ya sauti, hiyo si mbaya kama ishara, lakini baadaye chukua geji.

Tairi lenyewe husema linavyoumwa, ukijua kusoma. Likilika kingo zote mbili na katikati pamebaki, limetembea na upepo mdogo. Likilika katikati, limejazwa kupita kiasi. Likilika upande mmoja tu, gari linataka kupimwa alainimenti, au kuna kifaa cha usukani kilicholegea. Likiwa na mabonde mabonde, angalia shokabsoba na balansi. Msinunue tairi jipya kabla ya kutibu ugonjwa huo, kwa maana jipya nalo litaliwa vile vile. Kubadilisha matairi nafasi, ya mbele kwenda nyuma, kila kilomita 8,000 mpaka 10,000, kunasaidia yote yaishe kwa usawa.

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira vilivyowekwa kiwandani. Meno yakilika mpaka yakawa sawa na vinundu, imebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha. Siyo linakaribia kwisha. Mifereji ile ni ya kutoa maji chini ya gurudumu. Mvua ya Aprili ikishuka juu ya lami, tairi kipara linapanda juu ya maji kama mtumbwi, usukani unakuwa mwepesi, breki hazishiki. Kuna mafundi wanaochonga mifereji upya kwa kisu cha moto, tairi linang'aa na linauzwa. Wamechonga mpira ule mdogo uliobaki kulinda nyuzi. Tairi namna hiyo la gari dogo au pikapu ukiletewa, hata kwa bure, likatae. Mahali pake ni kwa mshona akala, na akala zake zitakuwa imara.

Umri nao ni jambo. Tangu mwaka 2000 matairi huandikwa tarakimu nne ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kiwanda cha matairi tulichokuwa nacho Nairobi kiliacha kutengeneza mwaka 2016, kwa hivyo jipya unalonunua limesafiri, na lile la mtumba huenda lilikwisha zeeka huko kabla ya kupanda meli. Watengenezaji wengi husema tairi likifika miaka 10 lisitumike, hata kama meno yote yapo. Spea imo katika hesabu hiyo. Spea nyingi za vikundi zimekaa chini ya gari tangu gari linunuliwe, zimepasuka mipasuko midogo kama udongo wa kiangazi, na upepo hazina.

Juu ya ritredi, yaani tairi lililovikwa mpira mpya kiwandani, sina ugomvi nalo. Hata ndege hutumia. Kwa lori, ikiwa kazi imefanywa na watu wenye mitambo ya kazi hiyo, lifungwe nyuma. Mbele pa gari la abiria wekeni tairi lisilo na historia.

Pancha pia si kila moja ya kuzibwa. Tundu la pale linapokanyaga, lisilozidi milimita 6, linazibika, na dawa nzuri ni tairi litolewe kwenye rimu, fundi aangalie ndani, atie kiraka kutoka ndani. Ubavu haushonwi. Najua unashonwa, nimeona nyuzi, nimeona kipande cha tairi kuukuu kimebandikwa ndani. Ubavu ndio unaokunjika mara 38,000 kwa saa, mshono utafanya nini hapo? Na kutia tyubu ndani ya tairi lililotengenezwa bila tyubu, ili kuficha rimu iliyopinda, ni kubadilisha pancha ya polepole iwe pancha ya ghafula.

Vijana wa karakana za kando ya barabara, hili ni lenu. Rimu za malori za zamani zina pete ya chuma inayoshikilia tairi. Pete ikikaa vibaya na ukajaza upepo, inaruka kwa nguvu ya kuua mtu, na imeua. Toa upepo wote kabla ya kuifungua. Safisha kutu. Ukijaza, funga rimu kwa mnyororo au tia ndani ya kizimba cha chuma, tumia mpira mrefu wa upepo, usiiname juu yake, na watoto wanaopenda kutazama wafukuzwe. Usigonge pete kwa nyundo wakati upepo unaingia. Kama pete imepinda, itupwe. Isinyooshwe.

Kubadilisha gurudumu kila dereva anajua, kwa hivyo nitapita haraka. Watu washuke na wakae mbali na lami. Vibao vya pembetatu viwekwe mbali nyuma na mbele, siyo matawi tu. Legeza nati gurudumu likiwa bado chini, ndipo upige jeki, na mtu asiingie chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake. Nati zikazwe kwa kuruka, moja huku na inayoielekea kule, siyo kwa kuzunguka. Zikazwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100, maana rimu hujikalisha upya. Wale wanaosimama juu ya spana na kurukaruka, mnanyoosha stadi mpaka inakatika. Na yale mawe mliyozuilia magurudumu, tafadhali yaondolewe barabarani kabla hamjaenda. Mwenye pikipiki atapita hapo saa mbili usiku.

Likipasuka mbioni, mguu usikimbilie breki. Shika usukani kwa mikono miwili, uweke gari njia iliyonyooka, achia mafuta polepole, liache lipunguze mwendo lenyewe, halafu utoke kando. Haya yasemwe sasa, kwa kuwa wakati ule hakuna nafasi ya kufikiri.

Sasa nageukia meza ya mbele. Dereva anaweza kujua yote haya na bado gari likaenda na tairi kipara, kwa sababu pesa haziko mkononi mwake. Anasema kwa kamati, kamati inasema ngoja mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi kuna madeni. Siku ya ajali anayekamatwa ni dereva. Hiyo si haki, bwana mwenyekiti, nami nasema mbele yako.

Fanyeni hivi. Tuseme matairi manne ni shilingi 40,000 na yatakwenda kilomita 40,000. Hiyo ni shilingi moja kila kilomita. Gari likienda kilomita 80 kwa siku, siku 26 za mwezi, ni kilomita 2,080, basi shilingi 2,080 ziwekwe kando kila mwezi na zisiguswe kwa chakula cha wageni wala kwa mchango. Mkiyatesa matairi yakaisha kwa kilomita 20,000, kila kilomita imekuwa shilingi mbili. Hapo mwekahazina atamuuliza dereva juu ya upepo bila kusukumwa.

Katika kitabu cha gari chora safu tano, nne za magurudumu na moja ya spea. Kila Jumatatu asubuhi dereva aandike pauni za kila moja, na mwanakamati mmoja atie sahihi. Tairi linalopungua peke yake wiki baada ya wiki litajionyesha kwenye karatasi kabla halijajionyesha barabarani. Na iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba dereva akisema tairi hili haliendi na mzigo, gari haliendi, na hafukuzwi kazi kwa sababu hiyo. Najua hili ni gumu siku ambayo maziwa yamekwisha kamuliwa na yanangoja. Maziwa yatamwagika, ndiyo. Jadilianeni leo mkiwa na chai mbele yenu, siyo alfajiri ile.

Maswali nitayajibia nje. Gari la maziwa limelala hapo uani tangu jana jioni, matairi yamepoa. Geji mbili ninazo hapa. Madereva watangulie, kamati ifuate, na mwekahazina aje na kitabu na kalamu. Tutaanza na spea.